Karema na Mpanda: Jinsi Mambo ya Zamani Yanavyotengeneza Hali ya Sasa

Walimu wengi wa sehemu za Katavi wamekwisha kusikia neno hili: kwamba mahali fulani pamebaki nyuma kwa sababu wenyeji wake ni wavivu, na pengine pameendelea kwa sababu watu wake wana bidii. Neno hilo si la haki, na mwalimu akilirudia darasani huwadhuru watoto. Twataka kuonyesha, kwa mifano ya Karema na Mpanda, ya kuwa hali ya mahali hutokana kwa sehemu kubwa na mambo yaliyoamuliwa zamani na wageni, kwa makusudi yao wenyewe.

Karema iko katika nchi ya Wabende, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianza kituo pale kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold II. Mwaka 1885 kituo kile kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, nao wakaleta kanisa na shule. Mwaka 1889 alifika Adriano Atiman, mzaliwa wa sehemu za Timbuktu, ambaye alitekwa utumwani utotoni, akakombolewa, kisha akafundishwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Aliwatibu watu wa sehemu zile miaka mingi sana, hata alipofariki mwaka 1956. Basi Karema ilikuwa na shule na tabibu wakati ambapo Mpanda haijawa mji.

Walakini makao makuu ya mkoa leo ni Mpanda, wala si Karema. Sababu yake ni njia. Zamani misafara ilitoka Tabora ikashuka ziwani, na wengine wakavuka kwenda Kongo. Ndiyo maana wageni wa kwanza walipapenda Karema. Lakini reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, mizigo ya ziwani ilishika njia ile, na Karema ikaachwa kando. Shule ilidumu, ila kijana aliyetaka kazi ya kalamu ilimpasa kuitafuta mbali. Hata mambo ya Kanisa yalifuata njia: mwaka 1969 Jimbo la Karema liligeuzwa jina likawa Jimbo la Sumbawanga, na mwaka 2000 likaundwa Jimbo la Mpanda.

Sasa tutazame Mpanda. Katika miaka ya 1930 yaligunduliwa hapo mawe yenye madini ya risasi, pamoja na dhahabu na fedha. Kwa ajili ya mgodi huo ilijengwa reli kutoka Kaliua, kilometa 210, ikafunguliwa mwaka 1950. Haikujengwa kwa ajili ya mkulima wala mfuga nyuki. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa, yaani baada ya miaka 10 tu. Mtu angedhani mji nao ungekufa, haukufa. Gari la moshi liliendelea kuja, na penye stesheni wakakaa wenye maduka, na penye maduka zikakaa ofisi.

Tena kuna jambo la tatu, ambalo wengi hulisahau: malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Ukonongo, ikawakusanya katika vijiji vikubwa ili kuwaepusha na mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo. Mashamba yaliyoachwa yakageuka pori. Ndiyo sababu wakimbizi wa Burundi walipokuja baada ya mauaji ya mwaka 1972, palionekana nafasi ya kuwaweka: Katumba, kando ya reli ile ile, kisha Mishamo mwaka 1978. Wengi wao wamekwisha kupewa uraia. Mtu anayeliita pori lile nchi tupu tangu mwanzo hajui ya kuwa mna makaburi ya wazee ndani yake.

Jambo hili si la Katavi peke yake. Wataalamu waliochunguza reli ya Kenya, akina Jedwab, Kerby na Moradi, walionyesha mwaka 2017 kwamba miji iliyoota kando ya reli iliendelea kuwa mikubwa hata baada ya walowezi kuondoka na reli yenyewe kuchakaa. Naye Leonard Wantchekon, mzaliwa wa Benin, pamoja na wenziwe, walichunguza vijiji vya nchi hiyo vilivyopata shule za kwanza. Walikuta kwamba faida ya shule ilishuka kwa watoto wa wanafunzi wale, na hata watoto wa majirani wasiosoma walipita wenzao wa vijiji visivyo na shule.

Hata hivyo tusisifu kupita kiasi. Wamisionari hawakuchagua mahali bila kuangalia. Walipenda penye maji, penye watu na penye njia. Kwa hiyo si kila jema lililo karibu na misheni kongwe limetokana na misheni. Wala mambo ya zamani hayamfungi mtu kama kamba. Katika miaka ya karibuni Serikali imejenga bandari mpya Karema, na njia iliyofifia yaweza kufunguka tena.

Twawasihi walimu na mapadre kufanya mambo mawili. Kwanza, waulizeni wazee wa Kibende, wa Kipimbwe na wa Kikonongo majina ya vijiji vilivyohamishwa, mkayaandike kabla wazee hawajaondoka. Pili, vitunzeni vitabu vya ubatizo na vya shule, kwa maana humo mna habari za mahali walipotoka watu. Mtoto wa Karema akiuliza kwa nini kwao hapana mji mkubwa, apewe sababu ya kweli, asipewe lawama.