Vioo na Chuma: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujenga Tunduma

Mji wa Tunduma mkoani Songwe ni lango la barabara kuu ya TANZAM na reli ya TAZARA kuingia nchini Zambia. Katika mji wa biashara wa namna hii, mwekezaji anayekusudia kujenga hoteli, duka au ofisi huvutiwa na jengo la vioo na chuma, kwa kuwa hujengwa kwa muda mfupi na huwa na mwanga wa kutosha. Hata hivyo, mwananchi anapaswa kufahamu kuwa kioo hakibebi jengo. Uzito hubebwa na nguzo na boriti, kisha hushushwa kwenye msingi.

Kwa Songwe, jambo hili lina umuhimu wa pekee. Mkoa huu unapakana na Ziwa Rukwa, ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Desemba 13, 1910, eneo la Rukwa lilikumbwa na tetemeko linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 mkoani Kagera lilisababisha vifo na kubomoa nyumba nyingi.

Chuma hupinda kabla ya kukatika. Hivyo, jengo la chuma lililosanifiwa vyema huweza kuhimili mtikisiko. Kioo hakina sifa hiyo. Kisipoachiwa nafasi ndani ya fremu yake, hupasuka na kuwaangukia wapita njia. Ndiyo maana kuta za juu huhitaji kioo cha tabaka zilizounganishwa kwa utando wa plastiki, ambacho hata kikipasuka vipande vyake hubaki vimeshikamana.

Aidha, chuma hakiungui, lakini katika joto la takribani nyuzi 600 za Selsiasi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Kwa sababu hiyo, nguzo hukingwa kwa rangi maalumu au kwa kufunikwa.

Kabla ya kuanza ujenzi, mmiliki anatakiwa kupata kibali kutoka Halmashauri ya Mji Tunduma. Mbunifu majengo awe amesajiliwa na AQRB, mhandisi na ERB, na mkandarasi na CRB. Vilevile, kabla ya kulipia vioo, mmiliki adai mchoro unaoonesha namna vitakavyofungwa kwenye jengo, kwani usalama wa watu watakaopita chini yake unategemea maungio hayo.