Je, Wajua? Rangi za Mwambani Moru

Je, wajua kwamba kwenye miamba ya Moru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kuna michoro ya vijana wa Kimaasai? Walichora ngao na wanyama kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi zilizotokana na majivu, udongo na mimea. Wamaasai walihamishwa hifadhini mwaka 1959. Ngao zao bado zinaonekana mwambani.

Mwalimu wa mji kama Mugumu au Sirari asiye na rangi za dukani anaweza kuanza kufundisha kuchora vivyo hivyo, kwa mkaa na udongo mwekundu. Mtaala ulioboreshwa wa Tanzania, ulioanza kutumika Januari 2024, una somo la Sanaa na Michezo. Inasikitisha pale kipindi chake kinapomezwa na maandalizi ya mtihani, maana humo mna elimu nzito.

Mwangalie mtoto akichora ng'ombe. Mara ya kwanza mwili hutoka kama boksi, miguu yote minne imepangwa mstari mmoja, nundu hakuna. Mtoe nje akamtazame ng'ombe mwenyewe: ataona kwato zimepasuka mbili, atalinganisha urefu wa pembe na masikio, kisha atafuta na kuanza upya. Hapo amegusa sayansi na vipimo, na vidole vilivyoshika mkaa vimezoea kushika kalamu.

Tena ni haki yake. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, inamhakikishia mtoto kushiriki katika sanaa.