TUJITENGENEZEE VYOMBO VYA KUZONGA WAYA



Katika mikutano ya matawi yetu hapa Kampala na pembezoni mwake tumesikia lalamiko moja likirudi tena na tena kutoka kwa akina mama wanaotengeneza mikufu na hereni za shanga za karatasi. Kazi hii ni kubwa hapa Uganda. Kule Acholi Quarter, Kireka, akina mama wengi waliokimbia vita vya kaskazini walipata riziki kwa kupasua mawe machimboni, kisha baadhi yao wakajifunza kukunja karatasi kuwa shanga. Karatasi ni rahisi kupata, gundi na vanishi si taabu. Lakini mkufu haufungiki bila vipete na kulabu za waya, na hapo ndipo mtu anaponaswa.

Mnunuzi analeta oda. Pamoja na oda analeta paketi ya vipete na koleo, anasema, "Chukueni tu, tutakata kwenye malipo." Siku ya malipo ikifika, makato ni marefu kuliko malipo. Tulikaa na mama mweka hazina wa kikundi kimoja, tukafungua daftari lake mstari kwa mstari. Fedha iliyokatwa kwa ajili ya vipete ilizidi fedha aliyokwenda nayo nyumbani mwenzake mmoja baada ya wiki mbili za kazi. Na juu ya hayo, mikufu kadhaa ilirudishwa kwa sababu vipete "havilingani", na vipete vyenyewe aliviuza huyo huyo aliyerudisha mikufu!

Basi tukaamua kuandika juu ya kipete. Wengine watacheka kwamba chama cha wafanyakazi kimeacha mishahara kikaanza kufundisha usonara. Lakini hebu tupige hesabu kwanza.

Kipete ni mzunguko mmoja wa koili, au springi kama mafundi waitavyo. Ukizonga waya wenye unene wa milimita 1.2 kwenye chuma cha milimita 6, urefu wa waya unaoingia katika kipete kimoja unaupata hivi: jumlisha 6 na 1.2, unapata 7.2, kisha zidisha kwa 3.14. Jibu ni milimita 22.6. Kwa hiyo mita moja inatoa vipete 44. Waya wa shaba nyekundu wa unene huo una uzito wa gramu 10 hivi kwa mita, maana yake kilo moja ina karibu mita 99. Hata ukitoa vipande vya mwisho vinavyopotea, kilo moja ya waya ni vipete zaidi ya 4,000. Kila kikundi kiulize bei ya kilo ya shaba kwa muuzaji wa waya, kisha kilinganishe na bei ya paketi inayokatwa. Tofauti hiyo ndiyo inayobaki kwa mwenye paketi, na chombo kinachoileta ni kipande cha chuma chenye mpini.

Kwanza jueni unene wa waya wenu. Wauza waya wetu wengi wanasema kwa namba za Kiingereza: namba 16 ni milimita 1.6, namba 18 ni milimita 1.2, namba 20 ni milimita 0.9. Namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Wengi hukosea hapo. Kama hamna chombo cha kupimia, zongeni waya mara 20 juu ya penseli, mizunguko ikigusana bila nafasi, pimeni kwa rula urefu wa mizunguko yote, mgawanye kwa 20. Ikiwa ni milimita 24, waya wenu ni 1.2. Mtoto wa darasa la tano anaweza, na sisi tuliofika darasa la saba tumeweza.

Sasa chombo. Tumekitengeneza na fundi mmoja wa Katwe kwa mabaki ya karakana yake, na kimefanya kazi.

Tafuteni ubao mgumu, mvule ukipatikana, urefu wa sentimita 35. Juu yake simamisheni vibao viwili vya urefu wa sentimita 10, vikitazamana, nafasi kati yao sentimita 20. Kabla ya kuvipigilia, vifungeni pamoja mtoboe matundu kwa mara moja ili yalingane. Mkitoboa kimoja kimoja chuma kitapinda na hakitazunguka. Asiye na keekee atumie msumari uliopashwa moto mpaka uwe mwekundu, akiushika kwa koleo. Tunashauri mtoboe matundu manne ya ukubwa mbalimbali, maana hamtatengeneza kipete cha aina moja maisha yote.

Kisha chuma cha kuzongea. Kwa vipete vikubwa, chuma laini cha mviringo cha milimita 6, kirefu kama sentimita 45. Nondo yenye mistari haifai, koili itang'ang'ania. Msumari wa inchi sita nao una unene wa karibu milimita 6, ila ni mfupi. Kwa vipete vidogo spoki ya baiskeli inafaa sana, kwa kawaida ina milimita 2, imenyooka na ni ngumu. Sindano za kufumia sweta ni nzuri zaidi kwa sababu zimeandikwa ukubwa wake. Pindeni mwisho mmoja wa chuma mara mbili upate hendeli, kama ile ya kuwashia magari ya zamani. Karibu na kibao cha upande wa hendeli, toboeni katika chuma tundu dogo la kupitisha ncha ya waya, au katisheni mfereji kwa msumeno wa chuma. Pigeni msasa chuma chote, kisha mkipake sabuni kavu.

Kuzonga ni hivi: pitisha ncha ya waya katika tundu, ikunje, zungusha hendeli kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto uongoze waya ukiubana kwa kipande cha ngozi au kijiti chenye tundu. Usiushike kwa vidole vitupu, waya unaokimbia hukata kama wembe. Vuta kwa nguvu moja toka mwanzo hadi mwisho. Hapa ndipo ulinganifu unapotoka. Mkono ukilegea katikati, vipete vya katikati vinakuwa vikubwa, na mnunuzi ataviona. Ukimaliza, legeza taratibu, kata ncha iliyo katika tundu, vuta chuma kwa upande wa hendeli, na koili itabaki katikati ya vibao.

Jambo moja liliwasumbua wenzetu wiki nzima. Walizonga kwenye chuma cha milimita 6 lakini vipete vikazidi 6. Walidhani rula ni mbovu. Sababu ni kwamba waya ukiachiwa hufunguka kidogo, na waya mgumu hufunguka zaidi ya laini. Shaba nyeupe, ile yenye rangi ya njano, hufunguka kuliko shaba nyekundu. Dawa yake ni kutumia chuma chembamba kidogo, au kuulainisha waya kwanza. Kulainisha ni kuupasha moto mpaka uanze kuwa mwekundu hafifu, ambao huuona vizuri ukiwa kivulini. Shaba nyekundu unaweza kuitia majini hapo hapo. Shaba nyeupe iache wekundu upotee kwanza. Waya ukishazongwa na kukunjwa hurudia ugumu wenyewe, na ni vema, maana kulabu laini hufunguka shingoni mwa mteja.

Kukata. Wengi hukata kwa plaisi, na plaisi huacha ncha moja bapa na nyingine iliyochongoka kama paa la nyumba. Ncha hizo hazikutani vizuri, uzi hupenya, mkufu hukatika. Kama plaisi ndiyo mliyo nayo, kateni, geuzeni plaisi, kateni tena ile ncha iliyochongoka. Mnapoteza shaba kidogo. Iliyo bora ni msumeno mwembamba wa sonara. Chongeni mfereji katika kipande cha mti, lalisheni koili ndani yake, ibaneni kwa kibao kingine, mkate kwa urefu upande mmoja tu. Vipete vitaanguka kimoja kimoja kama punje za mahindi. Pakeni mshumaa kwenye wembe wa msumeno usikatike haraka. Msumeno wa kawaida wa chuma ni mnene, unakula shaba na kipete kinapoteza mviringo.

Na kipete kikifunguliwa kisivutwe kulia na kushoto. Ncha moja isukumwe mbele na nyingine nyuma, kisha irudishwe hivyo hivyo.

Kulabu zenye umbo la S na masikio ya hereni hazihitaji hendeli. Chora umbo kwenye ubao, pigilia misumari mahali penye kona, kata vichwa vyake, laini kwa tupa. Kila waya ukipita njia hiyo hiyo, kulabu mia zitafanana kama mapacha.

Wazee wetu wasingeshangaa hata kidogo. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilibeba mizigo ya waya wa shaba kuja bara, na Mwingereza Burton, aliyepita njia hizo miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika juu ya vikuku vya koili walivyovaa wanawake mikononi, vikiitwa kitindi. Hakuna aliyewauzia paketi.

Sasa tuseme juu ya hatari, na hapa tunaomba msiruke. Waya wa rahisi kuliko wote ni wa nyaya za umeme zilizotupwa, na vijana huzichoma ili plastiki iondoke. Acheni kabisa. Moshi wa plastiki ile una asidi inayounguza mapafu, una sumu zinazokaa mwilini kwa miaka, na katika plastiki nyingi za zamani mna risasi. Mtoto aliye karibu ndiye anayeumia zaidi. Pasueni kwa kisu juu ya ubao: pigilia wembe umesimama kwa mlalo, vuta waya juu yake, ngozi inafunguka. Ni polepole, lakini waya unabaki safi bila masizi. Waya wa mabati nao usiwekwe motoni, mvuke wake huleta homa usiku. Mkikata, vaeni miwani, kwa maana kipande cha waya kinaruka bila kuaga. Na msifunge chuma cha kuzongea kwenye keekee ya umeme. Tulimwona kijana aliyefanya hivyo. Ncha ya waya ilipofika mwisho ilimchapa kiganjani, akakaa siku tisa bila kazi na bila malipo.

Tena ulizeni risiti ya waya. Mwaka 2022 adhabu za kuiba na kuharibu vifaa vya umeme ziliongezwa katika sheria ya nchi hii, na hatutaki mama akamatwe kwa ajili ya mali aliyoinunua kwa haki.

Kuna neno limeanza kusemwa baada ya vikundi viwili kupata vyombo vyao. Wanunuzi wanasema, "Sasa mna vyombo vyenu, ninyi si wafanyakazi tena, ni wafanyabiashara, kwa hiyo msije kwangu na mambo ya chama." Jibu letu tunalo. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Geneva Mkataba namba 177 juu ya kazi za nyumbani. Mkataba huo unamtambua kuwa mfanyakazi yule anayetengeneza kwa malipo, nyumbani kwake au mahali alipochagua, kitu alichoagizwa na mwajiri, bila kujali nani ametoa vifaa na malighafi, isipokuwa kama kweli anajitegemea kiuchumi. Mama anayepangiwa rangi, ukubwa, siku na bei hajajitegemea kwa sababu ya kumiliki hendeli. Someni sehemu hiyo kwa sauti mbele ya mnunuzi.

Mwisho ni juu ya kigezo. Kila oda mpya, mwambieni mnunuzi achague kipete anachotaka, mkifunge kwa uzi pamoja na karatasi ya oda, atie sahihi, ninyi mtie sahihi. Na chuma kilichotumika kwa oda hiyo kipigwe alama kwa tupa, kisitumike kwa nyingine. Kikundi kimoja kilifanya hivyo. Mwezi uliofuata mnunuzi alirudi na mikufu 60, akadai vipete ni vikubwa. Mama mwenyekiti hakubishana naye. Alileta karatasi, akafungua uzi, akaweka kipete cha sahihi juu ya chuma na cha mkufu uliorudishwa kando yake, akamwambia, "Ndugu, njoo utazame mwenyewe." Alitazama kwa muda mrefu. Mikufu yote 60 ililipwa siku hiyo.