Shule Iliyowabakiza Watoto Nyumbani

Akina mama wenzetu, ni nani kati yetu angempeleka mtoto wa miaka 7 au 8 ng'ambo, asimwone tena kwa miaka? Zamani Waingereza wengi waliofanya kazi Singapore walifanya hivyo kwa ajili ya masomo. Mwaka 1925, Bi. Anne Griffith-Jones alianza kufundisha watoto 5 katika kibanda kwenye uwanja wa klabu ya Tanglin. Leo shule hiyo, Tanglin Trust, hufuata mtaala wa Uingereza, ikipokea watoto wa miaka 3 hadi 18, na jioni hurudi kwa wazazi wao. Nasi tunaopeleka bwenini watoto wa darasa la kwanza, tujiulize: hivi kweli karibu na nyumbani hakuna shule?