SAA INAYOKUKIMBIZA DUKANI
Kikundi kisinunue kwa pupa katika simu



Nani kati yetu hajawahi kuitwa na mpiga debe pale Likoni au Magongo? "Wawili wabebe! Gari imejaa, twende!" Unakimbia, unapanda, unakaa. Mara wale "abiria" waliokuwa ndani wanashuka mmoja mmoja, kumbe ni manamba wenzake, na wewe unabaki kungoja gari ijae kweli.

Siku hizi mpiga debe huyo ameingia ndani ya simu. Ukifungua duka la mtandaoni, unaona bei ya zamani imepigwa mstari, na chini yake kuna saa inayohesabu kurudi nyuma: dakika 15, dakika 14, dakika 13. Pembeni imeandikwa "zimebaki 2 tu". Tunaandika habari hii kwa sababu saa hiyo nusura ivunje kikundi tunachokijua.

Yaliyotokea

Kikundi kimoja cha kina mama tunachokitembelea upande wa Likoni kilikuwa kinaweka pesa za kununua friza, ili wauze barafu na juisi. Pesa zilikuwa katika laini ya simu anayoishika mweka hazina. Katiba yao inasema zisitoke bila mkutano, na mkutano ni Jumamosi.

Jumanne usiku mweka hazina akaona friza ya shilingi 27,500. Duka lilisema bei yake ya zamani ni 45,000, na saa ilionyesha dakika 11 zimebaki. Akalipa.

"Nilikuwa nawaokolea pesa," alituambia. "Niliona nikingoja Jumamosi bei itakuwa imerudi juu."

Jumamosi memba mmoja akafungua duka lile lile katika simu yake. Bei ilikuwa 27,500, na saa ndiyo kwanza inaanza: dakika 15! Tena kulikuwa na shilingi 2,300 za usafiri ambazo hazikuwa katika ile bei. Friza ilifika, na inafanya kazi vizuri. Lakini maneno yaliendelea wiki tatu, na memba wawili wakataka warudishiwe akiba yao. Hakuna aliyeiba. Mtu mwaminifu alikimbizwa tu.

Saa hiyo inafanyaje kazi?

Saa ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya kweli. Maduka makubwa kama Jumia, lililoanza Kenya 2013, na Kilimall, lililoanza 2014, huwa na ofa za muda, na ofa ikiwa na mwisho mmoja kwa wateja wote, saa yake ni tangazo la haki.

Ya pili ni ya uongo. Ni programu ndogo tu, wala haijui ghalani kuna friza ngapi. Inaanza kuhesabu unapofungua ukurasa, kwa hiyo wewe na jirani yako mna saa tofauti kwa ofa moja. Ikifika sifuri inaanza upya, au inapotea na bei inabaki pale pale. Hata "zimebaki 2" inaweza kuwa namba ya kubuni.

Mwaka 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Princeton na Chicago, Marekani, walitangaza matokeo ya kupekua maduka ya mtandaoni kama 11,000. Walikuta saa hizi katika maduka 361, na katika 140 kati ya hayo zilikuwa za udanganyifu.

Kwa nini inatushika? Wataalamu Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza hutushinda nguvu kuliko furaha ya kupata kiasi kile kile. Saa inakufanya uone kama friza ni yako tayari, na inakuponyoka. Basi huulizi tena kama unaihitaji, wala kama bei ni nzuri.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kudai kuna nafuu ya bei ambayo haipo. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Lakini bila ushahidi ni vigumu kusaidiwa.

Kikundi kifanye nini?

1. Piga picha ya bei na saa katika simu, kisha funga. Fungua kwa simu ya mwenzako, na tena kesho. Saa ikianza upya, mmeshaijua. Picha hizo ndizo ushahidi wenu.

2. Ulizeni bei ya aina ile ile katika maduka ya mjini. Ile "bei ya zamani" ni maneno ya muuzaji.

3. Jumlisheni usafiri kabla ya kulinganisha.

4. Msikope kwa simu ili kuwahi saa. Ada ya mkopo inaweza kumeza punguzo lote.

5. Penye nafasi ya kulipa baada ya kupokea, ichagueni. Tunzeni ujumbe wa malipo.

6. Andikeni kanuni ya haraka. Ofa ikiwa ya kweli, watu watatu mliowachagua wanaweza kuongea kwa simu na kukubaliana. Mtu mmoja asiamue peke yake, hata akiwa mwaminifu namna gani.

Wale kina mama wa Likoni wamefanya hivyo. Mweka hazina ni yule yule, ila sasa hatoi pesa mpaka wenzake wawili wakubali. Anasema analala usingizi.

Maswali ya kujadili mkutanoni

- Je, tumewahi kununua kitu kwa kuogopa kwamba kitaisha? Kilitufaa?
- Pesa za kikundi ziko katika simu ya nani, na ni nani mwingine anajua zinapotoka?
- Watu wetu watatu watakuwa akina nani?