Damu ya Mtoto Si Ndoo

Hebu shika chupa ya soda ya mililita 350. Mtoto wa kilo 10 ana damu karibu mililita 800 tu mwilini mwake, yaani chupa mbili na kidogo. Mtu mzima wa kilo 60 ana zaidi ya lita 4. Kumbe ndiyo maana nesi anayejua kumhudumia baba yako lazima afundishwe tena kabla ya kumgusa mdogo wako!

Chukua Mtendeli, wilayani Kakonko (zamani Kibondo), ambako kambi ilipokea wakimbizi wa Burundi kuanzia Januari 2016 hadi ilipofungwa mwaka 2021. Malaria ni nyingi huku Kigoma, nayo huvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto anapauka viganja, anahema mbiombio, na asipoongezewa damu anaweza kufa siku hiyohiyo. Lakini akiongezewa nyingi mno, mapafu hujaa maji. Basi mizani kwanza: kwa kawaida mililita 20 kwa kila kilo, polepole, kwa saa tatu au nne. Utafiti wa Uganda na Malawi uliotoka 2019, wenye watoto zaidi ya 3,000, ulionyesha kuwa asiye na homa hunufaika zaidi na mililita 30. Mwenye homa, 20. Kipimajoto nacho kinabadilisha hesabu!

Hospitali kubwa zina kazi ngumu zaidi, iitwayo aferesisi. Mashine huvuta damu, huizungusha ili itengane, hutoa sehemu isiyotakiwa na kurudisha iliyobaki. Mwenye selimundu anaweza kubadilishiwa chembe zake hivyo. Sasa piga hesabu: mirija ya mashine inaweza kubeba karibu mililita 200. Kwa yule wa kilo 10, hiyo ni robo ya damu yake iko nje! Kwa hiyo wahudumu hufundishwa kuijaza mirija kwanza kwa damu ya mchangiaji.

Halafu kuna sitreti, dawa ya kuzuia damu isigande. Hupunguza kalsiamu mwilini. Mtu mzima atakwambia, "Midomo inafanya ganzi." Mtoto wa miaka miwili je? Atalia tu, na watoto hulia hata kwa njaa. Kwa hiyo mhudumu hujifunza kuangalia uso, mapigo ya moyo na presha, kupunguza kasi ya mashine na kuwa na kalsiamu tayari. Na mama hakai nje ya mlango. Akisema, "Huyu leo halii kama kawaida yake," mashine inasimamishwa, mtoto anapimwa upya.