Somo la Afya: Jinsi Mwili Uyeyushavyo Damu Iliyoganda



Mtu akijikata kidole kwa kisu, damu hutoka, kisha huganda. Hilo mwalijua nyote. Lakini je, mmepata kujiuliza damu ile iliyoganda huenda wapi kidonda kikipona? Gamba la nje hubanduka likaanguka. Donge lililo ndani ya mshipa halina pa kuangukia. Ni lazima liyeyushwe palepale.

Kwanza tulitazame donge lenyewe. Limeshikwa na nyuzi nyembamba ziitwazo fibrini, zilizosukana kama wavu wa mvuvi, na chembe za damu zimenaswa ndani yake. Kulivunja donge ni kuzikata nyuzi hizo.

Cha kukatia kimo tayari katika damu. Ini hutengeneza kitu kiitwacho plasminojeni, nacho huzunguka mwilini usiku na mchana bila kudhuru, mfano wa panga lililo ndani ya ala. Ukuta wa ndani wa mshipa hutoa kitu kingine, nasi tutakiita kiamshi. Kiamshi ndicho kinachochomoa panga: plasminojeni hugeuka kuwa plasmini, na plasmini hukata fibrini vipande vipande.

Sasa sikilizeni sana. Kama panga lingechomolewa kila mahali, kila kidonda kingefumuka. Kwa hiyo mwili una ulinzi wa namna 3.

Kwanza, kiamshi kikiwa peke yake katika damu hufanya kazi kidogo mno. Hupata nguvu kinaposhika nyuzi za donge pamoja na plasminojeni.

Pili, kiko kizuizi kinachokikamata kiamshi kilichozidi.

Tatu, plasmini ikiponyoka ikaingia katika damu ipitayo, mlinzi aitwaye antiplasmini huinasa mara moja. Wako watu wachache waliozaliwa bila mlinzi huyo: kidonda chao hufunga vizuri, kisha baadaye hutoka damu tena.

Je, elimu hii yatufaa nini? Wakati mwingine donge huziba mshipa wa ubongo, na mwili hauwahi kuliyeyusha. Hicho ni kiharusi. Wataalamu wamekitengeneza kiamshi kuwa dawa ya sindano, na mwaka 1996 Marekani iliikubali dawa hiyo kwa wagonjwa wa kiharusi. Kwa kawaida hutolewa kabla ya kupita saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Lakini kiko kiharusi kingine kinachotokana na mshipa kupasuka, na huyo mgonjwa akipewa dawa hii yaweza kumwua. Ndiyo maana daktari hupiga kwanza picha ya ubongo.

Basi ukimwona mwenzako uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, au maneno hayatoki sawasawa, usiseme, "Na alale, tutaona asubuhi." Tazama saa, ikumbuke, kisha mpelekeni upesi katika hospitali kubwa iliyo karibu. Wazee husema haraka haraka haina baraka. Lakini hapa kukawia ndiko kusiko na baraka.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Plasminojeni hugeuzwa na nini kuwa plasmini?
2. Kwa nini plasmini haiachwi izunguke ovyo katika damu?
3. Kwa nini ni lazima kukumbuka saa dalili za kiharusi zilipoanza?

Kwa herini, hadi somo lijalo.